Watafiti wa TB na VVU wanafanya nini hasa? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nimefanya kazi miaka kadhaa kama mfuatiliaji kwenye tafiti za TB na VVU, yaani yule mtu anayebisha hodi kuuliza mbona jumanne hukuja kliniki. Mimi sio daktari wala profesa. Ila maswali ambayo watu wanaogopa kumuuliza profesa wananiuliza mimi, mlangoni, kwenye gari, hata msibani. Nimeyakusanya hapa na majibu yake, mengine marefu mengine mafupi, inategemea swali lenyewe lina nini ndani.

Hawa watafiti wanashinda wanafanya nini?

Wengi wakisikia mtafiti wanamuona mtu wa koti jeupe kainamia darubini. Wapo kweli, ila ni wachache. Utafiti mmoja tu wa dawa ya TB una manesi, wafamasia, watu wa maabara, watakwimu, watu wa data, madereva, wajaza fomu na sisi wa kufuatilia, na mtafiti mkuu mwenyewe muda wake mwingi unaishia kwenye kuandika maombi ya hela, kujibu barua za kamati ya maadili na vikao visivyoisha. Ukinibana niseme kazi hii ni nini kwa neno moja nitakwambia kusubiri. Unampa mtu dawa leo, jibu la kama kapona moja kwa moja au ugonjwa umerudi unalipata baada ya mwaka au mwaka na nusu, na hapo katikati mtu anahama, anabadilisha laini ya simu, anafiwa, anawachoka. Mkiwapoteza wengi hivyo basi utafiti wote umekufa, hata maabara yenu iwe nzuri vipi.

TB na VVU kwanini kila siku vinatajwa pamoja?

Kwasababu vinabebana. Karibu robo ya watu wote duniani wana bakteria wa TB mwilini, kalala tu, na wengi hawataugua mpaka wanakufa uzeeni, ni kama 5 mpaka 10 katika kila 100 ndio ugonjwa utaamka. Sasa mtu akiwa na VVU na hayuko kwenye dawa, zile seli za kinga zilizokuwa zimemzingira yule mdudu zinapungua, na uwezekano wa kuugua unapanda mara kumi na zaidi. Ndio maana TB inaongoza kwa kuua watu wenye VVU.

Halafu kuzitibu zote mbili kwa pamoja nako kuna mambo yake. Rifampicin, ambayo ndio nguzo ya matibabu ya TB, inalifanya ini liondoe dawa nyingine mwilini haraka, kwahiyo anayetumia dolutegravir, dawa ya VVU, anapewa mara mbili kwa siku badala ya mara moja. Na kulikuwa na ubishi mkubwa kuhusu muda. Madaktari wengi walikuwa wanamaliza TB kwanza ndio wanaanzisha ARV, wakihofia mzigo wa vidonge, na wakihofia ile hali ambapo kinga ikirudi ghafla inawavamia wadudu kwa fujo mpaka mgonjwa anaonekana kazidiwa wakati kiukweli anapona. Hofu ya maana kabisa. Mtafiti Salim Abdool Karim na wenzake wa kituo cha utafiti cha CAPRISA pale Durban wakaamua kulipima swali badala ya kuendelea kubishana, na matokeo yaliyotoka 2010 yakaonyesha walioanza ARV wakiwa bado kwenye dawa za TB vifo vyao vilipungua kwa 56% ukilinganisha na waliosubiri wamalize. Hebu fikiria, miaka yote ile watu walikuwa wanasubirishwa kwa nia njema tu.

TB si inajulikana tangu zamani, mbona hawamalizi kuitafiti?

Inajulikana kweli. Robert Koch alimtangaza bakteria wake Berlin tarehe 24 Machi 1882, na tarehe hiyo ndio mpaka leo Siku ya TB Duniani. Mwaka 1890 huyohuyo Koch akatangaza kapata na tiba, tuberculin, watu wakamiminika Berlin, kumbe haiponyeshi. Ikaja kutumika kama kipimo cha ngozi. Kwahiyo hata mabingwa wanateleza.

Shida kubwa ya mdudu huyu ni uzembe wake. Bakteria wengi wa kawaida maabara wakiwa na chakula wanagawanyika kila dakika 20 hivi, wa TB anachukua kama saa 20. Ukiotesha makohozi unasubiri wiki kadhaa ndio uone kitu. Na dawa nyingi zinaua mdudu aliye kwenye harakati, sasa huyu anayelala lala anakwepa, anajificha ndani ya vinundu kwenye mapafu na hata ndani ya zilezile seli zilizotumwa kumla. Juu ya hapo kuna usugu. Streptomycin ilipopatikana 1943 na Albert Schatz, kijana mwanafunzi kwenye maabara ya Selman Waksman (Nobel ya 1952 akapewa Waksman peke yake, mjadala wa siku nyingine huo), watu walidhani mambo yameisha, ila wagonjwa waliopewa hiyo dawa moja tu walipata nafuu kisha wadudu wakazoea. Somo la kuchanganya dawa kadhaa kwa mpigo lilitokea hapo, na watu wa VVU wakaja kulirithi miaka ya 1990.

Mwaka 2023 WHO ilikadiria watu milioni 10.8 waliugua TB na milioni 1.25 wakafa. Ugonjwa wenye tiba huo.

Kwanini dawa za TB miezi 6? Nani alikaa akaamua?

Hakuna aliyekaa ofisini akaamua, miezi 6 ni jibu la majaribio. Kabla ya hapo matibabu yalikuwa mwaka na nusu mpaka miaka miwili, na kabla ya hapo tena watu walilazwa kwenye hospitali maalum za TB wakipunga upepo. Miaka ya 1950 utafiti wa Madras, India, ulionyesha kwamba anayetibiwa nyumbani anapona sawasawa na aliyelazwa, na ndugu wa nyumbani hawaambukizwi zaidi, ikawa mwanzo wa mwisho wa zile hospitali. Halafu miaka ya 1970 ukaja mfululizo wa majaribio ya Afrika Mashariki, watafiti wa Uingereza wakishirikiana na vituo vya Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, wakipima mchanganyiko huu na ule, na rifampicin ikiwepo ndani miezi 6 ikawa inatosha. Dozi ya leo duniani kote ina jasho la wagonjwa wale, na wengi wetu hatukuambiwa hilo shuleni.

Mwaka 2021 yakatoka matokeo ya miezi 4, yenye rifapentine na moxifloxacin. Kwa TB sugu ndio mabadiliko yamekuwa makubwa zaidi, kule watu walikuwa wanakunywa dawa mwaka na nusu au zaidi na kuchomwa sindano zilizowaacha wengine viziwi, mpaka majaribio kama Nix-TB na TB-PRACTECAL yalipoonyesha inawezekana miezi 6, vidonge tupu. WHO ikaupitisha mpango huo 2022. Nilishawahi kukaa na mtu aliyepoteza masikio kwa zile sindano na alipona TB kabisa, tukawa tunaandikiana kwenye daftari. Kwahiyo mtu akiniuliza utafiti una faida gani huwa namkumbuka yeye.

Wanachukua damu nyingi hivyo ya nini? Wanaiuza?

Swali namba moja kwa kuulizwa kwa sauti ya chini. Hawaiuzi. Kichupa kimoja cha kawaida kina mililita chache, vichupa viwili vikijaa havifiki vijiko vinne vya chai. Chupa ni nyingi kwasababu kila kipimo kina chupa yake, moja ina kitu cha kuzuia damu isigande, nyingine inatakiwa igande. Sehemu nyingine inahifadhiwa kwenye friza la nyuzi 80 chini ya sifuri, ili likija swali jipya baada ya miaka mitano msirudi kumchoma mtu tena.

Hapo kwenye kuhifadhi ndipo pa kuuliza maswali haswa. Sampuli itakaa wapi, nani atairuhusu kutoka nje ya nchi, itapimwa nini kingine. Fomu ya ridhaa lazima iseme, na mara nyingi kuna kisanduku chake cha kukubali au kukataa peke yake. Unaweza ukakubali utafiti ukakataa kuhifadhiwa. Wengi hawajui hilo kwasababu sisi wafanyakazi tunasoma ile sehemu haraka haraka, nakiri.

Si ndio kutufanya panya wa maabara?

Historia inakupa haki ya kuuliza hivyo. Tuskegee, Marekani, kuanzia 1932 mpaka 1972, wanaume weusi 399 wenye kaswende waliangaliwa tu ugonjwa unavyowala bila kutibiwa wala kuambiwa ukweli, hata penicillin ilipokuwa imeshajulikana kuwa ndio tiba. Waliosimamia walikuwa serikali. Na haijaishia huko mbali, katikati ya miaka ya 1990 ilishajulikana kwamba AZT, dawa ya VVU, inapunguza maambukizi ya mama kwenda kwa mtoto kwa theluthi mbili, bado kukafanyika majaribio Afrika na Asia ambapo baadhi ya akina mama walipewa vidonge visivyo na kitu. Watetezi walisema ile dozi ndefu nchi hizo zisingeimudu na walikuwa wanatafuta fupi, wapinzani wakasema mbona kwao wasingethubutu. Mimi niko upande wa wapinzani, ila nakubali dozi fupi zilizopatikana ziliokoa watoto wengi. Yote mawili ni kweli na hayakai vizuri pamoja.

Kilichobadilika ni kwamba leo hakuna utafiti unaoanza bila kamati ya maadili kuupitisha, na majaribio makubwa yana bodi huru inayoangalia data katikati ya safari wakati watafiti wenyewe hawaruhusiwi kuiona. Bodi ikiona dawa inaumiza, au haifanyi kitu, au inafanya kazi sana mpaka ni dhambi kuwanyima wengine, inasimamisha. Na inatokea.

Kwanini mwenzangu kapewa dawa halisi mimi sijui nimepewa nini?

Bahati nasibu, kwa makusudi. Tukimuachia daktari achague, bila hata kujua atawapa dawa mpya wale anaowaona wana nafuu, halafu dawa itaonekana nzuri wakati wagonjwa ndio walikuwa wazima wazima. Jaribio la streptomycin la Uingereza lililochapishwa 1948 ndio linahesabiwa kama mfano wa kwanza mkubwa wa kugawa wagonjwa kwa bahati nasibu, chini ya mtakwimu Austin Bradford Hill, na ilirahisishwa na ukweli kwamba dawa yenyewe haikutosha wote. Siku hizi penye tiba inayojulikana kundi la pili linapewa hiyo tiba, sio kidonge kitupu.

Mshiriki akidanganya je?

Hapa nikae kidogo maana ndio swali ninalolipenda.

Kulikuwa na utafiti unaitwa VOICE, wanawake zaidi ya 5,000 wa Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe, wengine wakipewa vidonge vya kuzuia VVU kila siku, wengine jeli ya ukeni. Kila mwezi wanaulizwa unatumia? Wanasema natumia. Wanarudisha vichupa, vidonge vikihesabiwa vimepungua vizuri kabisa, karibu 90% kwenye makaratasi. Mwisho wa siku dawa haikumkinga mtu. Ikabidi wapime damu zilizohifadhiwa (si unaona sasa kazi ya lile friza) wakakuta dawa kwenye chini ya theluthi moja ya sampuli. Wengi walikuwa hawanywi.

Nilisikia watu wakisema wale wanawake ni waongo, wamepoteza hela za watu. Mimi naona walioshindwa ni watafiti, na wengi wao walikuja kukubali hivyo walipokaa chini kuwauliza vizuri. Kidonge chenyewe ni ARV, jirani akikiona anadhani una VVU, mwenza akikikuta unaulizwa unalala na nani, na ukimwambia nesi ukweli kwamba hunywi unaogopa utatolewa kwenye utafiti na kupoteza kliniki inayokuhudumia kwa heshima. Nani angesema ukweli hapo? Nimewahi kuhesabu vidonge vya mtu mlangoni na kujua kabisa vimemwagwa asubuhi hiyohiyo, nikaandika namba kama ilivyo, kwasababu fomu haikuwa na sehemu ya kuandika ninachokijua.

Na sio kwamba dawa yenyewe ilikuwa mbovu, kwa sababu utafiti mwingine, Partners PrEP wa Kenya na Uganda, uliofanywa kwa wenza ambao mmoja ana VVU na mwingine hana, vidonge vya jamii hiyohiyo vilikinga vizuri sana. Tofauti ni kwamba kule nyumbani kila mtu alijua na walikuwa wanakumbushana.

Sasa ndio ukaja mwelekeo wa dawa inayokaa mwilini muda mrefu, isiyoonekana na mtu. Sindano ya cabotegravir kila miezi miwili, na 2020 ikaonekana inawakinga wanawake kuliko kidonge. Halafu lenacapavir, sindano mara mbili kwa mwaka, jaribio la PURPOSE 1 la Afrika Kusini na Uganda, wasichana na wanawake 2,134 walioichoma, aliyepata VVU hakuna. Sifuri. Linda-Gail Bekker, mtafiti kiongozi wa jaribio hilo, alipoyasoma hayo matokeo kwenye mkutano wa UKIMWI Munich Julai 2024 ukumbi ulisimama kupiga makofi. Mimi nikawa nawafikiria wale wa VOICE waliomwaga vidonge, maana ujumbe wao ndio umefanyiwa kazi mle.

Chanjo ya VVU mbona haiji?

Aprili 1984 waziri wa afya wa Marekani, Margaret Heckler, alisema wanatarajia kuwa na chanjo ya kuanza kujaribiwa ndani ya miaka miwili hivi. Haya.

Virusi hivi vinajibadilisha haraka mno, ndani ya mtu mmoja tu unakuta familia nzima ya virusi vinavyotofautiana, vimejifunika sukari ya mwili wenyewe kinga isivitambue, na mapema kabisa vinajiandika ndani ya jeni za seli zako na kulala humo. Chanjo nyingi zinaiga kinachotokea kwa mtu aliyeugua akapona, sasa hapa waliopona wenyewe kwa kinga yao ni wa kutafuta kwa tochi, unamuiga nani? Jaribio la Thailand la RV144, watu zaidi ya 16,000, lilitoa kinga ya 31% mwaka 2009, ndogo ila ya kwanza. Wakajaribu kuliboresha Afrika Kusini, likasimamishwa 2020, halifanyi kitu. Imbokodo 2021, halikufaulu. Mosaico 2023, hivyohivyo. Nawaheshimu sana watu waliofanya miaka kumi kwenye kitu kikafeli wakachapisha kwamba kimefeli.

Na ya TB?

Ipo BCG, Albert Calmette na Camille Guérin waliihangaikia kuanzia 1908, wakamuotesha mdudu wa TB ya ng'ombe mara 230 kwa miaka 13 mpaka akapoteza makali, ikaanza kutolewa 1921. Inawalinda watoto wadogo na TB mbaya kama ile ya utando wa ubongo. Kwa watu wazima, ambao ndio wanaoambukiza, msaada wake ni wa kubahatisha. Miaka zaidi ya 100 na ndio hiyohiyo moja! Kuna M72, chanjo mpya inayojaribiwa, jaribio la awali Kenya, Zambia na Afrika Kusini lilipunguza ugonjwa kwa karibu nusu kwa watu wazima waliokuwa tayari na mdudu aliyelala, na jaribio kubwa la watu mpaka 20,000 lilianza 2024.

Kuna mtu aliyepona VVU kabisa?

Wapo, wanahesabika. Wa kwanza Timothy Ray Brown, aliyetibiwa Berlin. Alikuwa na saratani ya damu, akapandikizwa uboho wa mtu mwenye jeni adimu inayowanyima virusi mlango wa kuingilia kwenye seli. Aliishi bila VVU mpaka saratani ileile iliporudi ikamuua 2020. Njia hiyo haiwezi kuwa ya wote kwasababu upandikizaji wenyewe unaua watu, mtu mzima anayekunywa kidonge kimoja kwa siku humuingizi kwenye hatari hiyo. Na anayenywa vizuri mpaka virusi havionekani kwenye kipimo hamwambukizi mwenza wake kwa ngono, hilo lilithibitishwa na utafiti wa HPTN 052 na tafiti za PARTNER, lisiulizwe tena tafadhali. Anayekuuzia chupa ya kuondoa VVU muulize kipimo cha wingi wa virusi cha mgonjwa wake miezi sita baada ya kuacha ARV, utaona anavyobadilisha mada.

VVU si vilitengenezwa na wazungu maabara?

Hapana. Vilitoka kwa sokwe mtu wa kusini mashariki mwa Kamerun, inaelekea wakati wa kuwinda na kuchinja, vikafika Kinshasa vikaanza kusambaa kutoka hapo mwanzoni mwa karne ya 20. Tunajuaje? Kuna damu iliyohifadhiwa ya 1959 na kipande cha nyama ya mgonjwa cha 1960, vyote vya Kinshasa, vikasomwa vinasaba, na tofauti kati yao ni kubwa kiasi kwamba mzazi wao wa pamoja lazima awe wa miongo kadhaa nyuma. Wakati huo hakuna binadamu aliyekuwa na uwezo wa kutengeneza kirusi. Kile chenyewe kiligunduliwa 1983 Paris na akina Françoise Barré-Sinoussi na Luc Montagnier. Ile habari ya maabara ya Marekani ilisukumwa sana na KGB, majasusi wa Kisovieti, miaka ya 1980, na imeendelea kuishi hata baada ya walioitunga kuondoka.

Watafiti wenyewe hawaogopi kuambukizwa?

Wanaogopa, na wana sababu. Adrian Stokes alikufa kwa homa ya manjano Lagos 1927 akiitafiti, Hideyo Noguchi akafuata Accra 1928. Jean-Jacques Muyembe wa Kongo alipoenda Yambuku, kijiji cha huko, 1976 kwenye mlipuko uliokuja kuitwa Ebola, alichukua damu za wagonjwa mikono mitupu, akapona kwa kudra tu, na miongo minne baadaye akawa kwenye timu iliyopima tiba ya ugonjwa huohuo.

Siku hizi maabara ya kuotesha TB hewa yake inavutwa ndani na kuchujwa, unavaa barakoa maalum, unaingia kwa milango miwili isiyofunguka pamoja. Ukijichoma sindano yenye damu ya mtu mwenye VVU asiye kwenye dawa uwezekano ni kama 3 kwenye 1,000, na unaanza dawa za kinga ndani ya saa 72, siku 28. Kiukweli TB inatutisha kuliko VVU. VVU unajua vimeingilia wapi, TB umeivuta tu hewani kwenye chumba cha kusubiri na utajua baada ya mwaka.

Ni kweli kuna panya wanaonusa TB?

Kweli kabisa. Shirika la APOPO, Morogoro, linatumia panya buku, mmoja anapima sampuli 100 kwa dakika 20 hivi. Anachokibaini lazima kithibitishwe maabara. Na hapana, hawaambukizi.

Hela zinatoka wapi?

Kwa sehemu kubwa nje. NIH, taasisi ya utafiti wa afya ya serikali ya Marekani, mfuko wa Wellcome wa Uingereza, mfuko wa Gates, na EDCTP, ushirika wa Ulaya na Afrika. Anayetoa hela ndiye anayechagua swali, hata kama hasemi hivyo. Na siku akiondoka mnajua: Januari 2025 serikali ya Marekani ilipositisha misaada ya nje, tafiti zikasimama katikati, kuna watu walikuwa na vifaa vya utafiti ndani ya miili yao na wafanyakazi wakaambiwa wasiende kazini. Mshiriki aliambiwa tutakuwa na wewe miaka miwili, kisha simu haipokelewi. Baadhi ya wenzangu waliendelea kuwatembelea bila mshahara, sijui kama ni sahihi kwa sheria za kazi ila ni sahihi.

Mbona matokeo hayaturudii?

Hili ni lawama na naipokea. Mimi mwenyewe kabla sijaingia kazi hii nilitoa makohozi kwenye mradi mmoja, nikajaza fomu kurasa 14, mpaka leo sijui walipata nini. Miradi mingi ina kipengele cha kurudisha matokeo kwenye bajeti, ila kinakuwa cha mwisho na hela zikipungua ndio cha kwanza kukatwa. Kwenye kikao cha kwanza ulizeni mtakuja lini kutuambia, na muandike jina la aliyejibu.

Nikitaka kuwa mtafiti nisomee nini?

Udaktari ni njia moja tu. Takwimu, sayansi ya maabara, uuguzi, famasia, sosholojia, kompyuta, zote zinaingia, na kama umeona hiyo habari ya VOICE utaelewa kwanini aliyesomea kuzungumza na watu ana thamani sawa na wa maabara. Jifunze takwimu mapema, wengi wanaikimbia na inawakuta mbele.

Nikiombwa kushiriki niulize nini?

Kinajaribiwa nini na kimeshajaribiwa kwa watu wangapi kabla yangu, nikiumia kwa sababu ya dawa nani ananitibu na bima ni ya nani, dawa ikifanya kazi nitaendelea kuipata utafiti ukiisha au ndio kwaheri, nani ataona jina langu, damu yangu itakaa wapi, namba ya kamati ya maadili ni ipi, sio namba ya mradi. Chukua fomu nenda nayo nyumbani ulale nayo. Anayekwambia saini sasa hivi gari linaondoka, liache liondoke.

Na nikishasaini naweza kujitoa?

Siku yoyote, na huhitaji kusema sababu, na matibabu yako ya kawaida hayaguswi. Ila ukiamua kutoka niambie tu nikibisha hodi, nitaweka alama kwenye fomu na jumanne sitakusumbua.